Miguu Mitatu, Kilomita Ngapi?

Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka kwenye sakafu mbovu. Ndiyo maana watu wakimwona mbwa aliyekatwa mguu amesimama getini, ametulia, mkia unacheza, hudhani shida yake imekwisha. Lakini kigoda hakitembei. Mbwa akitaka kupiga hatua lazima ainue mguu mmoja, na hapo anabakiwa na miwili. Wenye mbwa wa namna hii huuliza aende kilomita ngapi bila kuumia. Kabla ya kilomita, kuna hesabu ya kilo.

Mbwa mwenye miguu minne hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na asilimia 40 kwa ya nyuma, maana kichwa, shingo na kifua vyote viko mbele. Mchukue mbwa wa kilo 30. Kila mguu wa mbele unabeba kilo 9, kila wa nyuma kilo 6. Akikatwa mguu wa nyuma, mzigo mwingi unasogea mbele: ule wa nyuma uliobaki unafika kama kilo 8, na ya mbele kama 11 kila mmoja. Si haba, ila unavumilika. Akikatwa wa mbele, hadithi ni nyingine. Mguu wa mbele uliobaki unakaribia kubeba kilo 14, yaani nyongeza ya nusu nzima juu ya bega moja, kisukusuku kimoja na kifundo kimoja. Kwa hiyo anayekuuliza mbwa wa miguu mitatu aende umbali gani, nawe muulize kwanza: amekosa mguu upi?

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulielewa kinyume. Tunadhani mwendo wa polepole ndio wa huruma. Kwa mbwa huyu, polepole ndiko kugumu. Aliyekosa mguu wa mbele, kila anapouinua ule mmoja, sehemu yote ya mbele ya mwili haina nguzo. Inabidi aitupe shingo juu, miguu ya nyuma isukume, kifua kipae, kisha mguu utue ukiwa umepokea kila kitu kwa mkupuo. Mwenye mbwa anayetembea taratibu huku akiongea na simu anamlazimisha mbwa wake kuruka ruka hivyo bila kasi ya kumsaidia. Akiachiwa mchakamchaka mwepesi, kasi yenyewe humbeba kutoka hatua hadi hatua na kano hufanya kazi kama springi. Utamwona anakimbia uwanjani kwa raha, kisha anachoka ndani ya mita mia mbili za kutembezwa kwa kamba. Huo si ukaidi.

Mwili nao hulipa pengine usipopatazama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, waliwapima mbwa waliokatwa mguu wakiwa katika mchakamchaka, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Mabadiliko hayakuishia kwenye miguu iliyobaki. Hata uti wa mgongo ulikuwa ukijikunja na kujinyoosha tofauti na wa mbwa wazima. Mwenye mbwa hukagua kucha na nyayo akaridhika, kumbe misuli ya mgongo imekaza kama ubao. Pitisha kiganja kuanzia mabegani hadi kiunoni baada ya matembezi. Akishtuka au ngozi ikitetemeka, umbali ulizidi.

Wapo wanaouliza kwa nini daktari hukata mguu mzima, mara nyingi pamoja na mfupa wa bega ukiwa wa mbele, au juu kabisa ya paja ukiwa wa nyuma, badala ya kubakiza kipande. Sababu ni hiyo hiyo ya mwendo: mbwa atajaribu kukikanyagia kipande kilichobaki, kitagonga chini na kuchubuka kila siku, na kitakuwa uzito usiofanya kazi.

Sasa ratiba. Hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, safari zake ni za haja tu. Baada ya hapo, daktari akiridhika na kidonda, anza na dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, uongeze dakika chache kila wiki. Matembezi mengi mafupi yanajenga misuli. Moja refu la Jumamosi linaibomoa. Kipimo chako ni kesho yake asubuhi: akiinuka amekakamaa au akisita kuondoka kwenye tandiko lake, rudi kwenye muda wa wiki iliyopita. Njiani, angalia kichwa kinachoinama zaidi kwa kila hatua, kucha zinazoburuzwa, na kukaa chini bila kuambiwa. Akikaa, usimvute. Safari imeishia hapo, na nyumbani atarudi kwa kubebwa au kwa gari.

Ardhi nayo ina neno. Udongo ulioshikana na nyasi fupi ni bora. Mchanga mkavu wa ufukweni unamzamisha mguu. Sogea penye mchanga mbichi karibu na maji. Vigae vya sebuleni ni hatari kuliko barabara, kwa kuwa mguu ukiteleza hana mwingine wa kumdaka, kwa hiyo tandika mikeka. Lami ya mchana iache kabisa kwa sababu ya joto. Mbwa hupoa kwa kuhema, na huyu anahema zaidi kwa kuwa kila hatua inamgharimu zaidi.

Maji ni habari tofauti, kwa sababu yanabeba uzito. Mwaka 2024 dunia ilimjua Jacob, simba wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, aliyepoteza mguu wa nyuma kwenye mtego, alipopigwa picha usiku akiogelea na nduguye Tibu kuvuka mfereji wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja. Simba si mbwa, na Jacob hakuwa matembezini. Lakini kanuni ni ile ile: kwenye maji, viungo vinafanya kazi bila mzigo. Mwenye pahali salama pa kuogeleshea mbwa, ampeleke huko siku za uchovu.

Kwa hesabu yangu, mbwa mzima kiafya, wa umbo la kati, asiye na mafuta ya ziada, aliyekosa mguu wa nyuma, aende dakika 20 hadi 30 mara mbili kwa siku, ambazo kwa mwendo wa binadamu ni kilomita moja na nusu hadi mbili kila safari. Aliyekosa wa mbele, nusu ya hizo, na mapumziko katikati. Mbwa mkubwa wa kilo 40 na zaidi, au mzee, apunguziwe tena. Mpime uzito kila mwezi, maana kila kilo anayonenepa inatua kwenye miguu mitatu. Na akichechemea baada ya safari, usimpe dawa yako ya maumivu: ibuprofeni hudhuru tumbo na figo za mbwa. Mpigie daktari wa mifugo.