Wimbo Huu Unamwendea Nani? "Desert Island Discs" Ikisikilizwa Maili Moja

Kipindi cha "Desert Island Discs" cha BBC kimesimama juu ya sharti moja gumu: mgeni achague santuri nane za kwenda nazo kisiwani, mahali ambapo hatakuwa na binadamu mwenzake. Yaliyobaki yameongezwa humo taratibu. Mgeni hukabidhiwa Biblia na kazi za Shakespeare, kisha huchagua kitabu kimoja cha ziada na kitu kimoja cha anasa kisichoweza kumsaidia kutoroka. Mwishoni huulizwa: mawimbi yakija kuzisomba santuri zako, utakimbilia kuokoa ipi? Roy Plomley ndiye aliyekibuni, na kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 29 Januari 1942, Uingereza ikiwa vitani, mgeni akiwa mchekeshaji Vic Oliver. Mwaka 2019 jopo lililokusanywa na jarida la Radio Times lilikitaja kuwa kipindi bora kuliko vyote vya redio.

Nakisikiliza kwenye simu hapa Maili Moja, Kibaha, na masikio ninayokisikilizia yamelelewa na vipindi vya salamu vya redio yetu. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndiko hukumu zangu zinakotoka. Aliyezoea kadi ya salamu, ile inayotumwa redioni kuomba wimbo, hawezi kusikia wimbo ukitajwa redioni bila kungoja jina la anayepelekewa. Katika kisiwa cha Plomley jina hilo haliulizwi. Naamini vipindi vyake vilivyo bora ni vile ambavyo mgeni analitaja bila kuulizwa.

Tuanze na umbo lenyewe. Wakati wa vita maneno ya redioni yalipitiwa kwanza na wakaguzi, kwa hiyo Plomley na wageni wake waliandika mazungumzo yao kisha wakayasoma mbele ya maikrofoni. Ukizisikia rekodi za zamani utaona jinsi sentensi zilivyonyooka na jinsi kicheko kinavyofika mahali kilipopangiwa. Baadaye karatasi iliwekwa kando, lakini mapigo yalibaki yaleyale: maneno, wimbo, maneno, wimbo. Kwa hiyo mgeni anajua wakati wote kwamba santuri iko karibu, na swali likimchoma anaweza kuikimbilia. Mtangazaji hodari ni yule anayejua aicheleweshe kwa muda gani.

Kirsty Young, aliyekiongoza kuanzia 2006 hadi 2018, alilijua hilo kuliko wenzake wote niliowasikia. Mwaka 2016 alimpokea mwigizaji Tom Hanks, ambaye tayari alikuwa ameigiza mtu aliyekwama kisiwani katika filamu ya "Cast Away" ya mwaka 2000. Hanks ni msemaji, mcheshi, na kwa muda mrefu anaongoza yeye. Halafu wanafika kwenye utoto wake wa kuhamahama baada ya wazazi kuachana, na sauti inamkatika. Young haiti wimbo. Anaacha ukimya usimame redioni, mahali ambapo sekunde tatu za ukimya zinamtisha fundi mitambo, mpaka Hanks mwenyewe anarudi na kueleza kwamba ujana wake wote alikuwa akitafuta msamiati wa kuusemea upweke. Angeruhusiwa kuikimbilia santuri, tungepata wimbo mzuri na tukalikosa lile jambo.

Mwaka huohuo alikuja David Nott, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika vita vya Syria na kwingineko. Kipindi chake ndicho ninachokirudia zaidi. Nott anasimulia jinsi alivyorudi kutoka Aleppo na muda mfupi baadaye akaalikwa chakula cha mchana katika kasri la Buckingham, akaketi karibu na Malkia Elizabeth. Malkia alimuuliza habari za huko, naye maneno hayakutoka. Malkia hakumsukuma. Aliagiza mbwa wake waletwe, akafungua kopo la biskuti za mbwa, na wawili hao wakawalisha na kuwapapasa kwa karibu nusu saa.

Sikiliza kinachotokea hapo katika fani. Kipindi kizima kimejengwa kwa maswali, na kilele chake ni kisa cha mtu aliyeulizwa akashindwa kujibu, na aliyeuliza akaliacha swali lake. Anapokisimulia, Nott ameketi mbele ya muulizaji mwingine, na sasa anaweza kusema. Mazungumzo mawili yamekaa moja ndani ya jingine, na hakuna aliyeyapanga hivyo. Wala muziki haukufanya kazi hiyo peke yake. Nott anatufikisha pale kwa sababu kisa chake kina watu: mgonjwa mezani, familia yake mwenyewe, bibi mzee na mbwa wake. Kisiwa chake hakiwi kitupu hata dakika moja.

Mfano wa upande wa pili ni Elisabeth Schwarzkopf, mwimbaji wa opera, mwaka 1958. Katika santuri zake nane, saba zilikuwa zake mwenyewe. Kwa miaka mingi watu wamekitaja kipindi hicho kama kielelezo cha majivuno. Mimi naona umbo lenyewe lina sehemu ya lawama. Ukimwambia mtu achague muziki wa kubaki nao peke yake, na mtu huyo maisha yake yote yamo katika sauti yake, nini kitamzuia kujichagua? Swali la "unampelekea nani?" lingemtoa humo mara moja, kwa kuwa katika rekodi zile alikuwako pia kiongozi wa okestra, wapigaji, na waimbaji wenzake.

Sasa iweke kadi ya salamu kando ya kisiwa cha Plomley. Inaanza na mimi fulani, wa Maili Moja, Kibaha. Inafuata orodha: mama mzazi, shangazi wa Mlandizi, mjomba wa Kisarawe, dereva na kondakta wake, mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Tumbi, na wengine wote wanaonifahamu. Kisha ujumbe, mara nyingi methali. Wimbo unakuja mwisho kabisa. Mtangazaji mzuri wa salamu huyasoma majina kwa mwendo mmoja, bila kumpendelea yeyote, kisha hupunguza kasi kidogo kwenye ujumbe. Anayesikiliza nyumbani anakaza sikio kwenye majina, kwa sababu lake linaweza kuwamo. Katika salamu za wagonjwa umbo hilo lilipata uzito wake kamili: aliyelala kitandani alijua kwamba ametajwa mbele ya nchi nzima.

Tofauti hii ina chanzo chake katika vitu vyenyewe. Msikilizaji wa Plomley aliweza kuwa na santuri nyumbani, akaishika, akaiweka kwenye kabati. Kwetu, katika miaka ya 1970 na 1980, hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki palepale Barabara ya Pugu, na nyimbo nyingi zilikuwa na makazi hayo tu, isipokuwa zile ambazo wenyewe walizipeleka Nairobi. Kuupenda wimbo kulimaanisha kuuomba. Na kwa kuwa unaomba mbele ya watu, ustaarabu ukakutaka uwasalimie.

Jambo la pili ni urefu. "Desert Island Discs" hucheza kipande cha wimbo, kisha maneno yanarudi. Wimbo wa miaka ya 1930 ulioingia upande mmoja wa santuri ya dakika tatu unavumilia kukatwa hivyo. Muziki wa dansi hauvumilii. Chukua mtindo wa Sikinde wa Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978 na kubeba jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa huku kwetu Kibaha na Kisarawe. Nusu ya kwanza ni kisa, kinaimbwa kwa utulivu, mwimbaji akilalamika au akiasa. Halafu magitaa yanabadilika, tarumbeta zinaingia, kisa kinageuka dansi: ndiyo chemko. Ukicheza mwanzo tu umemkata mlalamikaji kabla hajafarijiwa. Ukicheza chemko peke yake umewainua watu wacheze bila kujua msiba uliowainua.

Ndiyo maana sipendi wazo la kukihamishia kipindi hicho Kiswahili kama kilivyo. Ningechukua kwake ule ujasiri wa kuuchelewesha wimbo, na lile swali la mwisho linalomlazimisha mgeni aache saba abaki na mmoja. Kwenye kadi ningechukua jina. Mgeni aje na wimbo, aseme unakwenda kwa nani, amweleze huyo mtu mpaka tumwone, kisha wimbo upigwe wote, kisa na chemko. Nane hazitaenea katika saa moja kwa utaratibu huo. Ningeanza na tatu.