Shujaa Aliyevuliwa Jina: Namna ya Kulipima Toleo la Kwanza la Juzuu ya Mwisho

Katika fani ya katuni za mashujaa hakuna pahala panapomdhihirisha mtunzi stadi na kumfedhehesha mtunzi hafifu kama toleo la kwanza la juzuu ya mwisho, kwa kuwa hapo sharti aanze upya mbele ya msomaji mgeni, ilhali msomaji mzoefu, aliyefuatana na shujaa kwa miaka, anamkazia macho aone kama khatima imekwisha kuiva au ingali mbichi. Aghalabu mtunzi hafifu huingiwa na hofu, akawaita jamaa wote wa zamani, rafiki na hasimu, wakapita mmoja mmoja mbele yetu, kila mmoja akijitaja jina na kisa chake. Na msomaji afikapo ukurasa wa mwisho amekwisha kujulishwa kwa watu tele, wala hana hamu ya kumjua hata mmoja.

Mfano ninaoupendekeza kwa mwenye kutaka kujizoeza ni toleo la kwanza la Black Panther lililotolewa na Marvel mwezi wa Mei 2018, likaandikwa na Ta-Nehisi Coates na kuchorwa na Daniel Acuña, nalo ndilo lililofungua juzuu ya mwisho ya kazi ambayo Coates aliianza mwezi wa Aprili 2016 pamoja na mchoraji Brian Stelfreeze. Sinema ya shujaa huyo ilikuwa imetoka Februari ya mwaka ule ule wa 2018, na dunia nzima ilikuwa ikimtazama mfalme T'Challa wa Wakanda, ndiye Black Panther, katika enzi yake. Mtunzi mwenye tamaa angalimwacha pale pale alipopendwa. Coates akamvua ufalme, kumbukumbu na hata jina, akamtia utumwani katika migodi ya madini ya vibranium, mbali sana miongoni mwa nyota, chini ya dola ya Wakanda yenyewe iliyogeuka kuwa dhalimu, pamoja na watu waitwao Wasio na Jina. Kipimo cha kwanza, na kwa rai yangu ndicho kikuu, ni hiki: je, toleo limethubutu kumnyang'anya shujaa nini, na baada ya kunyang'anywa, twamtambua kwa vitendo vyake? Hapa twamtambua. Mtumwa yule hukataa kuinama kabla hajajua yeye ni nani, na waasi wanapomkomboa na kumpa jina la T'Challa, msomaji alikuwa amekwisha kumpa.

Kipimo cha pili, yaani kama picha zaijua kazi inayosimuliwa, hapa Likasi, nchini Kongo, hakihitaji mwalimu. Mji huu wa shaba na kobalti, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot wa kampuni ya madini ya Union Minière, uko kilomita kama 20 tu kutoka Shinkolobwe, ilikochimbwa urani tangu 1921 na ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Jina la Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni hiyo aliyepeleka tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo New York, limo vitabuni; majina ya walioyachimba hayamo. Basi msomaji wa hapa, akisoma habari za madini yenye nguvu za ajabu yachimbwayo na watu wasio na jina, hana haja ya kufafanuliwa istiara, bali atataka kujua kama mchoraji aijua kazi ya mgodi. Katika hili nampa Acuña nusu ya alama. Uzito wa miili iliyochoka ameupata barabara. Lakini rangi zake, azipakazo mwenyewe, zang'aa mno, na vumbi lile liingialo katika kope na kukaa katika mikunjo ya vidole silioni.

Kimya nacho kipimwe. Katika kichwa cha mtumwa yule imebaki taswira ya mwanamke mwenye nywele nyeupe, wala mtunzi hakuandika kando kwamba huyo ni nani: mzoefu ataelewa, mgeni atatamani kuelewa, na wote wawili watafungua ukurasa unaofuata.

Aibu ya toleo hili ni dibaji yake, maneno matupu yanayosimulia jinsi msafara wa Wakanda ulivyokuwa dola kwa miaka 2,000. Mchora katuni Papa Mfumu'eto, aliyeuza vijitabu vyake vya Kilingala katika njia za Kinshasa tangu miaka ya 1990, vya karatasi duni na wino mweusi, asingalithubutu kumchelewesha mnunuzi hivyo, maana mnunuzi wake alikuwa amesimama wima na fedha yake mkononi.

Juzuu yenyewe ilikoma mwaka 2021 katika toleo la 25. Nawe msomaji, ukilipata toleo hili la kwanza, anzia penye picha, uiache dibaji mpaka umalize, kisha jiulize kama kuna lolote ulilopungukiwa.