Keya Si Mtu: Wimbo Uliobaki Nusu Kawetele

Pale Kawetele, Tukuyu, bibi yangu huimba wimbo wa Kiswahili aliousahau nusu. Yamebaki mahadhi ya kwenda kwa hatua, swali juu ya mwenye kutoa amri, na jina moja: Keya. Kwake yeye Keya ni mtu, tena bwana mkubwa. Jibu la swali halikumbuki. Akifika hapo huguna tu kufuata mahadhi.

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi tungesema ni wimbo wa jadi, mtunzi hajulikani, basi. Hiyo ni njia ya mkato. Wimbo wenyewe unatoa ushahidi ukiuchunguza kifani.

Kwanza, lugha. Nyumbani kwa kina bibi kilisemwa Kinyakyusa, lakini wimbo umeng'ang'ania Kiswahili, lugha ya kambini na barabarani. Pili, Keya. Hizo ni herufi K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902, kama zilivyotamkwa na askari. Basi huu ni "Funga Safari", wimbo wao wa kutembelea. Na neno safari lisitudanganye: Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, naye alikiita kitabu chake cha 1920 Heia Safari! Kuchangia neno si kuchangia asili.

Ulifika lini? Majeshi ya Jenerali Northey, yakiwa na vikosi vya Keya, yaliuteka mji huu, wakati huo Neu Langenburg, Mei 1916. Lakini Keya walichukua tena vijana wa Tanganyika katika vita vya 1939–45, wengine wakafika hadi Burma. Kwa hiyo huenda ulikuja 1916, huenda baadaye. Kabla ya hapo ni vigumu.

Na maudhui je? Jeshini swali lina jibu: mkubwa kasema, twende. Ni wimbo wa utii. Kawetele jibu limefutika, swali limebaki. Ukiwakumbuka wapagazi waliobebeshwa vyakula na risasi za vita isiyo yao, swali hilo lisilo na jibu linauma kuliko wimbo mzima. Sisemi bibi alikusudia hivyo. Nasema ndivyo wimbo ulivyo sasa, na mhakiki huhakiki kilichopo.

Kwa hiyo, wenzangu mnaokwenda kurekodi nyimbo vijijini, msiwasahihishe wazee kwa kuwajazia mistari. Tukiziba pengo tutakuwa na wimbo wa Keya, ambao tunao tayari. Wa Kawetele tutakuwa tumeupoteza.