Kesi, Kodi na Kafara: Ujenzi wa Dola za Kubuni katika Nathari ya Shaaban Robert

1. Suala

Mtunzi anayebuni dola isiyopata kuwapo duniani ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuijenga nchi yenyewe: jina lake, mamlaka yake na desturi zake. Ya pili ni kuwaumba watu wanaostahili kuishi humo. Katika fasihi ya Kiswahili kazi hizo mbili zilifanywa mapema na Shaaban Robert (1909-1962), katika vitabu vitatu vinavyosomwa hadi leo: Kusadikika (1951), Adili na Nduguze (1952) na Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake.

Wahakiki wengi wamevisoma vitabu hivi kama mafumbo. Kusadikika, wasema, ni Tanganyika chini ya Mwingereza, na wakuu wake ni wakoloni waliovikwa majina mengine. Usomaji huo una msingi, kwa kuwa mtunzi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926, naye hakuwa na uhuru wa kusema wazi yote aliyoyaona. Hata hivyo, una hatari yake. Mwenye kuupata ufunguo wa fumbo huridhika nao, asiingie ndani ya nyumba. Tena, kama Kusadikika ingekuwa Tanganyika ya kikoloni tu, kitabu kingalikwisha kazi yake tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru. Hakikwisha. Kwa hiyo yafaa kuitazama nyumba yenyewe: dola hizi zimesimama juu ya nini, wakazi wake wameumbwaje, na ufa wa jengo uko wapi?

2. Majina ya nchi

Ujenzi unaanza katika sarufi. Kusadikika ni kitenzi-jina. Shina lake, sadiki, limetoka katika Kiarabu. Limepewa kauli ya kutendeka, hata neno zima likawa na maana ya kuwezekana kuaminiwa. Kufikirika limeundwa kwa njia ile ile kutokana na fikiri. Kitenzi-jina hakina nafsi wala wakati: hakisemi ni nani asadikiye, wala lini. Msomaji anapolisoma jina la nchi anaachiwa yeye nafasi ya mtenda, naye ndiye atakayeamua kama nchi ile yasadikika au la.

Msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi husikia jambo la ziada. Yeye husema "ku soko", "ku kazi", "ku Likasi", akitumia ku kuonyesha mahali pale ambapo Kiswahili sanifu hupendelea kiambishi -ni au neno kwenye. Wanaisimu wanajua kwamba ku- ya kitenzi-jina na ku- ya mahali zina umbo moja katika lugha nyingi za Kibantu, hata zikahesabiwa kuwa ngeli mbili, ya 15 na ya 17. Haidhaniwi kwamba mtunzi wa Tanga aliwafikiria wasomaji wa Katanga. Hata hivyo, masikio ya Kikongo hayakosei yanapolisikia jina hili kama jina la mahali, yaani huko kwenye kusadikika.

Katika Adili na Nduguze njia ni nyingine. Milki ya mfalme Rai inaitwa Ughaibu. Hapa kiambishi u- ni kile kile cha Uganda, Ufaransa na Uingereza, nacho kinatangaza kwamba ni nchi kama nchi nyingine. Lakini ghaibu ni kisichoonekana. Kiambishi kinaleta nchi, shina linaiondoa. Jimbo linalotawaliwa na Adili ni Janibu, neno lenye maana ya upande au kando. Kwa majina mawili tu msomaji amekwisha kujua kwamba kuna makao makuu yaliyo mbali na macho, na kuna pembe ya milki inayohitaji kuchunguzwa.

3. Tendo moja la utawala

Shaaban Robert hakuzijenga dola zake kwa ramani wala kwa tarehe za vita. Kila dola imejengwa juu ya tendo moja la utawala, na tendo hilo ndilo linaloendesha kisa. Kusadikika ni nchi ya kesi, Ughaibu ni nchi ya kodi, Kufikirika ni nchi ya kafara.

Katika Kusadikika, Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya elimu ya sheria. Anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hao walitumwa katika pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mashauri ya manufaa, na malipo yao yakawa adhabu. Ufundi wa mpango huu ni mkubwa kuliko unavyoonekana mara ya kwanza. Mtunzi hatuelezi kwa urefu Kusadikika ikoje. Anatutembeza kwa jirani zake, na kwa kila jambo jema lililoonekana huko tunatambua ambalo Kusadikika imelikataa. Nchi inachorwa kwa mapungufu yake. Juu ya hayo, maelezo yote yanatoka kinywani mwa mshitakiwa ambaye maisha yake yamo hatarini, kwa hiyo hakuna habari ya jirani iliyo pambo tu. Kila safari ni ushahidi.

Adili na Nduguze kinafunza zaidi kwa sababu chanzo chake chajulikana. Kisa chake kinafanana mno na hadithi ya Abdalla bin Fadhil na ndugu zake katika Alfu Lela Ulela. Humo khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad anagundua kwamba kodi ya Basra haijafika, anamtuma mtu wake, na huyo anamwona gavana usiku akiwapiga mbwa wawili ambao kumbe ni nduguze. Shaaban Robert aliuhifadhi mfupa wa kisa: Ikibali anatumwa Janibu kwa ajili ya kodi, anamfuma Adili akiwapiga manyani wawili, nao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu. Lakini Baghdad na Basra, miji ya kweli yenye tarehe zake, zimeondolewa, na mahali pake pamewekwa Ughaibu na Janibu. Mfalme naye si khalifa wa historia tena. Ni Rai, yaani shauri, maoni. Milki ya kweli imehamishwa ikawa milki ya fikra. Hata hivyo kodi imebaki, na ndiyo inayoifanya Ughaibu isimame kama serikali. Kama si mkusanya kodi, siri ya Adili isingefunuliwa. Serikali inapohesabu fedha zake inajikuta imefika katika chumba cha mateso.

Katika Kufikirika jambo ni la kutisha zaidi. Mfalme mwenye kila kitu hana mrithi. Mwana anapopatikana anaugua, na dawa inayoagizwa ni kafara ya watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Hapa serikali inapimwa kwa swali moja: je, uhai wa raia ni mali ya jumba la mfalme?

4. Wahusika

Inasemwa mara kwa mara kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni majina yanayotembea. Shutuma hiyo ni ya haki, ila majina yenyewe hayajachunguzwa vya kutosha. Wajumbe sita wa Kusadikika wana majina yenye asili ya Kiarabu, na Majivuno ametoka katika kitenzi cha Kibantu. Mtu angeharakisha kusema kwamba mtunzi aliutia wema katika Kiarabu na ubaya katika Kibantu. Ndugu za Adili wanaikanusha hoja hiyo. Hasidi ni Kiarabu, mwivu ni Kibantu, na maana yao inakaribia kuwa moja: ovu moja limegawanywa kwa ndugu wawili na kwa asili mbili za lugha. Utubusara Ujingahasara wa Kufikirika ana jina lililo sentensi mbili kamili: utu ni busara, ujinga ni hasara.

Tatizo ni kwamba jina humfunga mwenye nalo. Majivuno hawezi kutubu bila ya kupoteza jina lake. Karama hawezi kusita. Mmoja tu ndiye aliyevuka mpaka huo, naye ni Adili. Kwa amri ya jini Huria, mtu mwenye jina la uadilifu anashika mjeledi kila usiku na kuwapiga watu wa damu yake. Jina linasema hivi, mkono unatenda vile. Na aliyemlazimisha anaitwa Huria. Hapo, katika mgongano wa jina na tendo, mhusika wa Shaaban Robert anapata roho. Inasikitisha kwamba mtunzi hakuitumia njia hiyo mara nyingi zaidi.

5. Ufa

Ufa mkubwa wa jengo umo mwishoni mwa Kusadikika. Karama alishitakiwa kwa ajili ya sheria. Anaokolewa na neno la mfalme. Hoja zake zimemgusa mtawala, naye anaachiwa huru. Lakini kama mfalme aweza kufungua kwa kauli yake, aweza pia kufunga kwa kauli hiyo hiyo. Elimu ya sheria, ambayo ndiyo kiini cha shauri zima, inashinda kwa njia isiyo ya sheria. Katika Adili na Nduguze vilevile huruma ya mfalme Rai ndiyo inayoleta faraja. Raia wa kawaida, mlimaji, mchukuzi, mjane, hawana sauti katika uamuzi.

Katama Mkangi wa Kenya alijaribu dawa nyingine katika Walenisi (1995). Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani katika chombo na kufika katika jamii ya usawa. Jina la nchi ni sentensi iliyounganishwa: wale ni sisi. Mfalme hayupo tena, na raia ndio nchi yenyewe. Lakini kitabu kinalipa bei yake. Palipo na usawa uliokamilika hakuna mgogoro, na mgeni hana la kufanya ila kuonyeshwa na kufafanuliwa. Mvutano mwingi wa kisa umeachwa katika nchi iliyomhukumu Dzombo.

6. Hitimisho

Mwalimu anayefundisha vitabu hivi na mwanafunzi anayejaribu kubuni dola yake wana la kujifunza hapa. Nchi ya kubuni haihitaji wingi wa mito na milima. Yahitaji tendo la serikali ambalo msomaji atalitambua, na mtu ambaye tendo hilo linamuumiza. Shaaban Robert alilijua hilo. Alichoshindwa ni kumpa mtu huyo kinga isiyotegemea moyo wa mfalme. Darasani, basi, haitoshi kumwuliza mwanafunzi Majivuno ni mkoloni gani. Aulizwe pia: Karama alipotoka mbele ya mfalme akiwa huru, ni kitu gani kingezuia asishitakiwe tena kesho yake?