Thamani ya Kamba katika Mieleka ya Shuti ya Japani

Mieleka ya mtindo wa shuti ni tawi la mieleka ya kulipwa lililochipuka Japani mwaka 1984, ilipoanza kampuni ya UWF, na jina lake limetokana na neno ambalo wanamieleka hulitumia kwa pambano lisilopangwa, ingawa mapambano mengi ya tawi hili yalikuwa na mshindi aliyekubaliwa kabla ya kengele kugongwa. Kwa sababu hiyo watazamaji wengi huanza kwa kuuliza kama walichokiona kilikuwa cha kweli au cha kupangwa, na swali hilo, likishajibiwa, halimwambii mtu lolote kuhusu ubora wa pambano lenyewe. Swali lenye manufaa zaidi ni namna gani mtu anayebanwa alionyeshwa kuwa yumo hatarini, na alilipa gharama gani ili ajinasue.

Mbinu za mtindo huu zilipitia kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Karl Gotch, Mbelgiji aliyejifunza mieleka ya kukamatana katika ukumbi wa Billy Riley mjini Wigan, Uingereza, kisha akawafundisha Wajapani kama Yoshiaki Fujiwara, Akira Maeda na Satoru Sayama namna ya kupinda viungo hadi mpinzani asalimu amri. Walipoanza kazi yao wenyewe, walitupa mengi yaliyozoeleka katika mieleka ya maonyesho: hakuna aliyerushwa kwenye kamba akarudi mbio kupokea pigo, na hakuna aliyepanda juu ya nguzo ili aruke. Badala yake yalibaki mateke, mapigo ya kiganja, mieleka ya kumwinua mtu na kumbwaga, roba, na kabari za mikono na miguu. UWF ya kwanza haikudumu, lakini Maeda, baada ya kumpiga mwanamieleka mwenzake Riki Choshu teke la uso mwaka 1987 na kufukuzwa katika New Japan, kampuni ya mieleka ya maonyesho aliyokuwa akiifanyia kazi, aliifufua mwaka 1988, na ilipovunjika wafuasi wake waligawanyika mwaka 1991 katika makundi matatu: RINGS ya Maeda, UWF International ya Nobuhiko Takada, na kundi la Fujiwara.

Kilichoyaunganisha makundi hayo, na ambacho mchambuzi hana budi kukielewa kabla ya kingine chochote, ni matumizi ya kamba za ulingo. Katika mieleka ya kulipwa, kwa kawaida, mtu aliyebanwa akigusa kamba, refa huamuru aachiwe. Lakini katika mieleka ya maonyesho kugusa huko hakumgharimu chochote, na ndiyo maana kabari nyingi huwa za kupitishia muda tu. Wanamieleka wa shuti waliipa kamba bei. Katika UWF International kila mpiganaji wa pambano la mmoja kwa mmoja aliingia ulingoni na pointi 15, akapoteza 1 kila alipoikimbilia kamba na 3 kila alipoangushwa kwa pigo hadi refa akaanza kuhesabu, na pointi zikimalizika alikuwa ameshindwa. Kanuni hiyo ndogo ilibadilisha maana ya kila tendo, kwa kuwa kabari iliyoshindwa kulimaliza pambano bado ilikuwa imemgharimu mpinzani kitu, na mtazamaji aliweza kuona kwenye ubao wa hesabu jinsi mtu anavyofilisika.

Hapo ndipo ustadi wa kutazama unapohitajika, na kosa kubwa la wahakiki wengi ni kumkodolea macho anayebana badala ya anayebanwa. Mfano mwafaka ni ile kabari ambayo Wajapani huiita juji-gatame, ambamo mshambuliaji hulala chali kwa upande, miguu yake ikiwa imekatiza kifua na shingo ya mwenzake, naye akiuvuta mkono wa mwenzake huyo uliobanwa katikati ya mapaja na kuinua nyonga ili kiwiko kipindike kinyume. Anayeijua kazi yake huwahi kuviunganisha viganja vyake kabla mkono haujanyooka, kisha huanza kujigeuza kumwelekea mshambuliaji ili kiwiko kivuke nyonga, huku visigino vikisukuma mkeka kidogo kidogo kuelekea kamba. Mshambuliaji naye huukanyaga mkono wa pili, na vidole vilivyoshikana huteleza kimoja baada ya kingine, hata hadhira ya ukumbi wa Korakuen mjini Tokyo, ambayo huweza kukaa kimya kwa dakika nzima, ikapiga ukelele pale kidole cha mwisho kinapoachia. Mpiganaji hafifu hulala tu na kukunja uso, akisubiri zamu yake ya kugusa kamba, na hapo pambano hufa hata kama mshambuliaji ni fundi kiasi gani.

Kipimo hichohicho kinafaa kutumiwa kwa Volk Han, mwanasambo kutoka Dagestan aliyeingia RINGS mwishoni mwa mwaka 1991. (Sambo ni mieleka ya Kisovieti ambayo mchezaji wake huvaa koti na kushambulia sana miguu.) Han aliweza kuukamata mkono wa mtu aliyesimama, akajitupa hewani na kutua akiwa tayari amekifunga kiwiko, na uzuri wa mitego yake hauna mfano katika tawi hili zima, hata hivyo mbele ya wapinzani wa kawaida mkono huo mara nyingine hutolewa kwa urahisi mno, na ni kwa Kiyoshi Tamura, aliyekutana naye mara kadhaa kati ya 1996 na 1997, ndipo mtego wa Han unapopata mtu wa kuukataa.

Anguko la UWF International nalo lilidhihirika katika kabari moja. Tarehe 9 Oktoba 1995, katika Tokyo Dome, Takada alisalimu amri mbele ya Keiji Mutoh wa New Japan kwa kufungwa miguu mkao wa namba nne, mbinu kongwe ya mieleka ya maonyesho. Kushindwa kwenyewe kungevumilika. Kilichouma ni kwamba mbinu ya upande wa pili ilitangazwa kuwa na nguvu kuliko elimu yote ya Gotch, na kundi hilo likafungwa mwishoni mwa mwaka 1996.

Kilele cha mtindo huu kilikuwa bado hakijafika. Tarehe 27 Juni 1998, katika RINGS, Tamura alipambana na Tsuyoshi Kohsaka, mtu wa judo, kwa dakika 30 kamili bila mshindi. Humo kamba haikuwa tena kimbilio la kwanza, kwa sababu kila anayebanwa alitafuta kwanza njia kwa nyonga na magoti yake, akimpindua mwenzake au kuingiza goti katikati kabla kabari haijakaza, na tendo la kujiokoa la mmoja likawa mwanzo wa shambulio lake. Sare, ambayo katika mieleka mingi hunuka woga wa mpangaji wa mapambano, hapa ilikuwa hesabu sahihi ya kilichotokea: kila mlango uliofunguliwa katika nusu saa ile ulikuwa umefungwa na mtu aliyejua kwa nini anaufunga.