Mhunzi wa Kotama

Watu wa Rabai, pwani ya Kenya, humsifu mgema. Mimi namsifu mhunzi anayemfulia kotama, kisu chake cha kugemea. Karakana yake ni banda la makuti nyuma ya nyumba: mivukuto, makaa, kipande cha reli kuwa fuawe. Chuma hutoka springi kuukuu ya lori. Hukipasha hadi kiwe chekundu, hukifua, hukirudisha motoni, tena na tena, mpaka ubapa uwe mwembamba na kupinda. Kukizamisha majini ndiko kugumu hasa: kikiwa moto mno huvunjika kama kigae, kikiwa kimepoa hakishiki makali. Hana kipimo ila rangi, aitazamayo moshi ukimchoma macho. Kwa kotama hiyo, asubuhi na jioni mgema hupanda mnazini kukata ncha ya panda, shina la maua ya mnazi, ili ageme tembo. Kotama ikiwa butu, panda huchanika na tembo hupungua.