Fani na Maudhui katika Vikaratasi vya Haki za Wakimbizi: Mfano wa Soko la Kenyatta

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kupima fani na maudhui katika riwaya, tamthilia na ushairi. Ni nadra kwa vikaratasi vinavyogawiwa sokoni kupewa heshima hiyo. Hata hivyo, karatasi inayowaeleza wakimbizi na wahamiaji wa Nairobi haki zao yastahili uhakiki mkali zaidi, kwani neno moja baya laweza kumfanya mtu ashindwe kudai haki yake akiwa kituoni.

Kwanza, hadhira. Katika Soko la Kenyatta, jirani na Kibera, mahali mashuhuri kwa ususi na nyama choma, mikono ya msusi imo nywelini tangu asubuhi. Yeye huifahamu karatasi kwa kusomewa na mteja. Hivyo hapana budi sentensi itamkike na kushikika kwa urahisi. Mathalani, "Mtu aliyetiwa mbaroni ana haki ya kufahamishwa sababu za kukamatwa kwake" ni sahihi kisarufi, lakini imemficha mtenda. "Ukikamatwa, polisi lazima akwambie sababu, kwa lugha unayoielewa" yamtaja mwenye wajibu na mwenye haki. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chadai lugha inayoeleweka. Karatasi isiyoeleweka yapingana na kifungu inachokifafanua.

Pili, msamiati. Katika istilahi "mwomba hifadhi", kitenzi "kuomba" chaweza kumkumbusha msikilizaji ombaomba, na haki ikaonekana sadaka. Kumbe Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyochukua mahali pa ile ya 2006, yakataza kumrudisha mtu kwenye hatari aliyoikimbia. Istilahi hiyo yafaa ibaki, maana ndiyo itakayosikika ofisini, lakini ifuatwe na maelezo: mtu ambaye ombi lake la kutambuliwa kuwa mkimbizi halijaamuliwa. Vivyo hivyo "kipande": kwa Mkenya ni kitambulisho, tena chenye kumbukumbu ya cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba enzi za ukoloni. Mkongomani aweza kuelewa sehemu tu ya kitu.

Tatu, mipaka ya wepesi. Wanasheria huhofu kwamba lugha nyepesi hupunguza ukweli, na hofu hiyo ina msingi. Karatasi ikisema tu kwamba mshikwa hufikishwa mahakamani katika saa 24, imepotosha. Katiba yasema muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni yampasa alijue hilo, na laweza kuelezwa kwa sentensi moja fupi. Fani irahisishwe, maudhui yasipunguzwe.

Kabla ya karatasi kupelekwa kiwandani, yafaa msusi asomewe, kisha aombwe kuieleza kwa maneno yake mwenyewe. Pale atakapokwama ndipo mwandishi arekebishe.